Ubongo, Miguu na Njia ya Thika

Njia itokayo Nairobi kwenda Thika ina urefu wa kilomita 45 hivi. Wasafiri wengi huijua kwa mashamba ya kahawa na mananasi, kwa viwanda vya Thika na Ruiru, na tangu mwaka 2012 kwa ile barabara kuu pana iliyochukua mahali pa barabara ya zamani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kando ya njia hii habari za akili ya mwanadamu ziliandikwa vibaya kwa muda wa nusu karne, kisha ikawalazimu watu wengine kuziandika upya.

Msafiri hajatoka bado jijini anapopita hospitali ya Mathari. Hapo kwanza palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilipageuza kuwa nyumba ya wendawazimu, na mwaka 1924 ikapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Katika miaka ya mwanzo nyumba hiyo ilikuwa kifungo zaidi kuliko hospitali. Aliyeonekana kuwa hatari, au mwenye kuudhi tu, alifungiwa humo, na dawa za kumponya zilikuwa hazijavumbuliwa.

Walakini ubaya wa nyumba haukuwa katika kuta zake peke yake; ulikuwa pia katika fikira za waganga waliohusika nayo. Daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akiwatazama wagonjwa wa Mathari, alishikilia kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni tangu kuzaliwa. Mwaka 1934 mwenzake mjini Nairobi, F. W. Vint, alitangaza matokeo ya kupima bongo 100 za Waafrika waliokufa. Alisema kwamba zilikuwa nyepesi kuliko za Wazungu, na kwamba tabaka ya juu ya ubongo ilikuwa nyembamba, hata akadiriki kumlinganisha Mwafrika mtu mzima na mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Msomaji atauliza, je, hao waliokufa hospitalini waliishi maisha gani? Walikula nini? Waliugua nini, na kwa muda gani? Maswali hayo ndiyo yangalipasa kuulizwa kwanza, kabla ya mizani kuletwa.

Aliyeipeleka fikira hii mbali zaidi ni J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwaka 1938 hata 1950. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika hufanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilimtaka aeleze chanzo cha vita vya Mau Mau. Naye akakitafuta ndani ya nafsi za Wakikuyu, katika wasiwasi wa watu walioachana na mila zao, badala ya kukitafuta katika ardhi iliyonyang'anywa. Aliunga mkono pia kuwakusanya watu katika vijiji vya ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa humo kuanzia mwaka 1954, nao ni pamoja na watu wa nchi hii ya Kiambu na Murang'a inayoizunguka njia ya Thika. Mtu aliyezoea kutembea apendavyo, kwenda shambani, sokoni na kwa jamaa zake, aliwekewa handaki, mlinzi na saa ya kutotoka nje. Mwaka 1961 Frantz Fanon, naye akiwa mganga wa maradhi ya akili, alimshutumu Carothers waziwazi katika kitabu chake cha mwisho.

Tuiangalie tena hoja yao, maana ndani yake mna kosa kubwa kuliko hata dharau. Waganga hao waliuchukua ubongo kuwa kama jiwe la mizani, kitu kilichokwisha kuumbwa ambacho kazi yetu ni kukipima tu. Hawakuuliza ubongo wafanywaje na maisha ya mwenyewe.

Jibu lilianza kuja kutoka mahali pasipodhaniwa. Mwaka ule ule wa 1953, mganga mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa kutwa kitini walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Watu walikuwa wa mji mmoja na kazi moja. Tofauti kubwa ilikuwa katika miguu. Habari hiyo ilikuwa ya moyo, si ya ubongo. Lakini ikiwa mwendo waweza kuugeuza moyo, kwa nini usiweze kukigeuza kiungo kinacholishwa na damu ya moyo huo? Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, nao hutumia kama sehemu 20 katika 100 za hewa safi tuivutayo mtu akiwa amepumzika.

Katika miaka ya 1960 Joseph Altman, huko Marekani, aliona katika ubongo wa panya wakubwa dalili za chembe mpya zilizozaliwa. Wenzake hawakumsadiki, kwa kuwa wataalamu walikwisha kukubaliana kwamba chembe za ubongo hazizaliwi tena baada ya utoto. Mwaka 1999 Henriette van Praag na wenzake huko California waliwawekea panya gurudumu la kukimbilia. Panya waliokimbia walionekana kuwa na chembe mpya nyingi kupita wale waliokaa bure, nazo zilikuwa katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo ni mlango wa kumbukumbu. Je, na kwa binadamu ni vivyo hivyo? Wataalamu wangali wakibishana. Mwaka 2018 vikundi viwili vilitoa majibu yanayopingana. Lakini mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walitangaza jambo ambalo halikuhitaji kuhesabu chembe. Waliwachukua wazee 120 wakawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilitembea kwa dakika 40, mara 3 kwa juma, muda wa mwaka mmoja. Fungu la pili lilifanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hipokampasi za waliotembea ziliongezeka kwa sehemu 2 katika 100, na za wenzao zikapungua. Wazee hao hawakuwa wanariadha. Walitembea tu.

Sababu zake zinafahamika kiasi. Mwili ukitaabika kwa kadiri, damu huenda kwa wingi ubongoni, na ubongo hutoa protini zinazolisha chembe zake kama samadi irutubishavyo shamba. Tena, mtu aliyezoea mazoezi hupata usingizi mzuri zaidi usiku.

Kuhusu maradhi ya akili yenyewe, jaribio lililosifika ni la James Blumenthal, mwaka 1999, katika Chuo Kikuu cha Duke. Watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliokuwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyomwacha mtu, walitibiwa kwa majuma 16. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Mwisho wake mafungu yote matatu yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana, ijapokuwa waliotumia dawa waliiona nafuu hiyo mapema zaidi. Asije mtu akaichukua habari hii kuwa ruhusa ya kutupa dawa alizoandikiwa na daktari. Mgonjwa aliyezama sana katika sonona hawezi hata kuinuka kitandani, na kumwambia akimbie ni ukatili. Ni kweli pia kwamba walioponywa kwa mwendo katika jaribio lile hawakuwa wachache.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa kuwa historia ya Ruiru na Thika yatuletea swali gumu. Reli ilipofika Thika mwaka 1913, nchi hii ilikuwa ikigawanywa mashamba makubwa ya walowezi, ya katani na kahawa. Tangu karibu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande, naye alilima, akachuma na kubeba mizigo tangu alfajiri. Ikiwa jasho latuliza akili, basi vibarua hao wangalikuwa watu wenye raha kupita wote nchini! Hawakuwa hivyo, na wala si fumbo. Uchunguzi wa siku hizi umeonyesha mara nyingi kwamba mwendo mtu aufanyao kwa hiari yake, katika wakati wake wa mapumziko, ndio ufungamanao na afya njema ya akili. Kazi nzito ya kuajiriwa, isiyo na pumziko wala uchaguzi, haileti faida ile ile, na pengine hudhuru. Mwili huhesabu jasho; akili huuliza ni kwa amri ya nani.

Tuendelee na njia. Kabla ya kufika Ruiru tutapita Kahawa, palipokuwa na kambi ya askari wa Kiingereza iliyoitwa Templer. Mwaka 1965 Uingereza iliikabidhi kambi hiyo kwa serikali ya Kenya huru, ikawa Chuo cha Kenyatta, kisha mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Kenyatta. Alifundisha hapo kwa miaka mingi Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 huko Munich mwaka 1972, na dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Boit alisoma Marekani hata akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi kuwa profesa wa elimu ya mazoezi na michezo. Sidhani Carothers angalijua amweke fungu gani mtu huyu. Mbele kidogo, Ruiru, kuna chuo cha askari wa magereza, idara aliyoitumikia Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Wageni wengi wakiwatazama wakimbiaji wetu husifu mapafu na miguu yao, kana kwamba kilomita 42 hukimbiwa bila kichwa. Kugawa nguvu, kumsoma mpinzani na kustahimili maumivu kwa saa mbili na zaidi ni kazi za ile sehemu ya mbele ya ubongo iliyosemwa kuwa imelala.

Katika shule nyingi za sekondari, nazo za Thika na Ruiru zimo, kipindi cha mazoezi ya viungo kimeandikwa katika ratiba kwa miaka mingi. Lakini kwa kuwa hakikutahiniwa mwisho wa masomo, kilichukuliwa mara nyingi na hesabu au kemia, hasa mitihani ilipokaribia; yaani kiliondolewa wakati ule ule ambao wasiwasi wa wanafunzi ulikuwa umezidi. Mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Daktari Frank Njenga ilishauri kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa nchini Kenya. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, lile lile lililomchapishia Carothers, lilitoa mwongozo kwamba vijana wa miaka 5 hata 17 wapate kwa wastani dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku. Mwanafunzi wa kutwa akaaye kilomita 3 kutoka shuleni, akienda na kurudi kwa hatua za haraka, amekwisha kuzitimiza bila mwalimu kumwambia. Wa bweni, ambaye kitanda chake ki hatua 100 tu kutoka dawati lake, hana pa kuzipata ila uwanjani.