Kutoka Springi ya Redio Hadi Gundi ya Simu

Mwaka 1973, Watanzania wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Katika vijiji vya wilaya za Iramba na Manyoni visivyo na umeme, somo la malaria na maji safi lilitegemea betri. Betri zenyewe zilipatikana nchini, kwani kiwanda cha Matsushita kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam tangu 1966.

Mara nyingi redio ilipofifia, betri zilianikwa juani. Kumbe kasoro ingeweza kuwa kwenye springi.

Betri kuukuu ikivuja, springi hushika kutu. Redio ya betri nne ina volti 6. Kutu yenye ukinzani wa omu 5, redio ikivuta miliampea 200, inameza volti 1 nzima kabla umeme haujafika kwenye spika. Fundi alipitisha msasa mpaka chuma kikang'aa, au akakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuipachika kati ya betri na springi. Sauti ilirudi papo hapo.

Mwanafizikia Ragnar Holm alieleza kiini cha jambo hili katika kitabu chake cha 1941. Vyuma viwili vikigusana, hata viwe laini namna gani, hukutana kwenye vinundu vichache tu, na umeme wote hupenya hapo. Vumbi na kutu huviziba vinundu hivyo.

Ndani ya redio, dawa ilikuwa lehemu. Mchanganyiko wa bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 183, ukatambaa juu ya shaba na kushikamana nayo. Kwa pasi ya kulehemu na jicho zuri, fundi aliweza kulitambua ungio lililokufa kwa rangi yake ya kijivu na ufa mwembamba kuzunguka mguu wa kifaa, kisha akaliyeyusha upya.

Simu zilikuja na ungio la aina nyingine. Mwaka 1956, Harry Wolfson na George Elliott walipata hataza ya Marekani ya gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa fedha ili ipitishe umeme. Kwenye vioo vya simu hutumika utando wa gundi wenye vipira vidogo vya plastiki, vipana kwa maikroni chache tu, vilivyopakwa nikeli na dhahabu. Kiwandani, utepe wa nyaya hubanwa juu ya kioo kwa joto, vipira vikabonyea na kupitisha umeme kutoka juu kwenda chini bila kuvuka kwenda pembeni.

Gundi nayo ina adui. Mwaka 1999, Daoqiang Lu, Quinton Tong na C. P. Wong walionyesha kwamba gundi ya fedha ikikutana na bati penye unyevu, metali hizo mbili huanzisha kutu ya kielektrokemia, na ukinzani hupanda.

Ungio la gundi kwenye kioo cha simu halitibiki kwa pasi ya kulehemu. Linataka mashine ya kubana kwa joto na shinikizo lililopimwa, pamoja na hadubini. Ndiyo maana fundi wa simu hununua kioo kilichokwisha kuunganishwa na kukitupa kilichoharibika. Mafunzo ya ufundi simu yakiingiza mashine hiyo na upimaji wa ukinzani wa maungio, sehemu ya gharama ya kioo kipya itabaki kuwa ujira wa fundi.