Tarakimu Sita kutoka Mshangano

Watu wa Songea, tangu zama za misafara hata leo, wamekuwa watu wa kwenda mbali na kurejea, na kila zama ziliwauliza wasafiri wao swali lile lile walipokuwa ugenini: ni nani atakayeshuhudia kwamba wewe ndiwe, na ushahidi wake utakufikia kwa njia ipi? Katika kata ya Mshangano, iliyo ndani ya Manispaa ya Songea, swali hilo sasa hujibiwa kwa tarakimu sita ziingiazo katika simu ndogo iliyoachwa nyumbani, ambazo mama mtu au mdogo mtu huzisoma kwa sauti na kuzipeleka Maskati, London au Houston kabla hazijakwisha zile dakika chache ambazo benki imezipa uhai. Wako waionao desturi hii kuwa ni zao la simu tu, lisilo na nasaba. Kwa maoni yangu nasaba inayo, tena ndefu, na asiyeijua hataelewa kwa nini mzigo wa kuthibitisha umewaangukia ndugu waliobaki nyumbani, badala ya kuziangukia taasisi zinazoudai uthibitisho huo.

Kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Songea mwaka 1897, nchi ya Wangoni ilikuwa imekwisha kuunganishwa na pwani kwa njia ya misafara iliyotoka Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa, ikipeleka nguo na bunduki, na ikirudi na pembe za ndovu na, kwa huzuni yetu sote, wanadamu waliotiwa minyororo. Huko Kikole mfanyabiashara Rashid bin Masoud aliweka makao yake, na jina lake halitengani na habari za Ungoni za siku hizo. Biashara ya namna hiyo, iliyotenganisha mwenye mali na mali yake kwa miezi mingi, isingaliwezekana bila ya barua na amana. Na katika ulimwengu wote wa Bahari ya Hindi, ambao pwani yetu ni sehemu yake, ilikuwako hawala: mtu aliyeweka fedha kwa mfanyabiashara wa mji mmoja aliweza kulipwa na mshirika wake wa mji mwingine, kwa sharti la kutoa waraka au neno walilokwisha kupatana. Mlipaji hakuhitaji kuijua sura ya mlipwaji. Lililohitajika ni lile neno, lifike salama, na lisiwe limepita katika masikio yasiyo yake.

Vita vya Majimaji vilipokwisha mwaka 1907, baada ya Nduna Songea Mbano na viongozi wengi wa Wangoni kunyongwa mwaka 1906, na baada ya njaa kuwaangamiza wengi ambao risasi zilikuwa zimewaacha, Songea ikaingia katika zama nyingine za safari, ambazo hazikuwa za kupenda. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana Ungoni kwa wepesi. Iliyokuwako ilikuwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi, ambayo miche yake ya kwanza ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Chini ya Mwingereza wilaya ya Songea ikawa mojawapo ya hazina za nguvukazi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kutafuta wafanyakazi, kilichoitwa SILABU, ambacho magari yake yaliwachukua vijana kutoka nyanda za kusini na kuwateremsha mahali ambapo hakuna aliyewajua wala aliyeijua lugha ya mama zao. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 uchunguzi wake juu ya uhamaji wa Wangoni na Wandendeuli, aliieleza safari hiyo kuwa ni jambo lililokwisha kuingia katika maisha ya kila kaya.

Namna vijana hao walivyotambuliwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu aliyekwenda kwa mkataba, akiwa hajui kuandika, alitia dole gumba lake katika karatasi. Kisha akapewa namba, ambayo ndiyo iliyompa yeye na wenziwe jina la manamba. Kisha akapewa kipande, ambacho kila siku aliyomaliza kazi yake kilitiwa alama, na bila ya alama hizo hakuwa na ujira wa kudai. Dole, namba na kipande, vyote vitatu vilikaa katika mamlaka ya bwana shamba, na mtu mwenyewe, mwana wa fulani wa kijiji fulani, hakuwa na thamani ya ushahidi katika jambo lolote. Sisemi kwamba utambulisho wa leo ni utumwa wa namna ile. Nasema tu kwamba tulijifunza mapema sana, na kwa uchungu, kuishi ugenini kwa hisani ya namba iliyoandikwa katika daftari la mtu mwingine.

Dhidi ya ugeni huo kulikuwa na barua, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwani desturi ya leo ya Mshangano imerithi kutoka kwenye barua zaidi kuliko kutoka kwenye kipande. Nyumba za kijijini hazikuwa na sanduku la posta. Barua ya manamba ilipelekwa kwa anwani ya shule, au ya misheni, kama ile ya Wabenediktini wa Peramiho iliyoasisiwa mwaka 1898, au ya duka la mtu mwenye heshima zake, na kutoka hapo ikachukuliwa kwa mikono mpaka kwa mwenyewe. Kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kusoma, alitafutwa kijana wa shule au mwalimu, akaketi katikati ya watu, akaisoma salamu moja baada ya moja, na alipofika kwenye habari za fedha akaishusha sauti, au wasiohusika wakaondoka wenyewe kwa adabu. Msomaji huyo, aghalabu mtoto wa miaka kumi na kitu, alijua ni kiasi gani kimetumwa, nani anadaiwa, nani ameoa mke mwingine huko Tanga, na alitakiwa kuyajua yote hayo kana kwamba hayajui. Aliyevujisha hakuitwa tena kusoma, na sifa hiyo mbaya ilimfuata hata utu uzimani. Hivi ndivyo jamii ilivyomlea mtu wa kati, anayeshika siri isiyo yake kwa manufaa ya aliye mbali, na ilimlea kwa malipo ya heshima tu.

Huduma yenyewe ya posta ilipita mikononi mwa wakubwa mbalimbali: mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaunda shirika lake, na mwaka 1994 posta ikatengwa na simu. Katika miaka hiyo yote, mtu wa Songea aliyetaka kusema na mwanawe aliyeko Dar es Salaam, mbali zaidi ya kilomita 900, aliamua baina ya barua iliyochelewa, telegramu iliyohesabiwa kwa maneno, na simu ya posta iliyotaka subira ya nusu siku.

Tarehe 3 Desemba 1992 mhandisi Mwingereza Neil Papworth alituma katika mtandao wa Vodafone ujumbe wa kwanza wa maandishi wa simu ya mkononi, salamu za Krismasi. Ujumbe huo mfupi, wenye nafasi ya herufi 160 tu, ulifika kwetu pamoja na simu za mkononi na ukapokelewa kwa shangwe, kwa kuwa ulikuwa nafuu na ulimngoja mwenyewe hata akiwa shambani. Ilipofika Aprili 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, ujumbe huo ukaacha kuwa salamu peke yake na ukawa stakabadhi, na namba ya simu ikawa akaunti ya fedha. Baada yake zikaja benki, ofisi za serikali zinazopokea maombi kwa mtandao, na programu za mawasiliano kama WhatsApp, kila moja ikimwambia mtu: nitakutumia tarakimu katika simu yako, nawe ukizirejesha nitaamini kwamba ni wewe.

Ndipo dole gumba likarudi. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliagiza laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole na kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20. Muda uliowekwa ukaongezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Agizo hilo lilikuwa na haki yake, maana utapeli ulikuwa umekithiri. Lakini athari yake kwa mtu wa ughaibuni ni nzito: maadamu laini imefungamana na kidole chake, akiipoteza huko Maskati hawezi kurudishiwa kwa barua wala kwa wakili, kidole chenyewe hakina budi kuja.

Ili ijulikane kwa nini wengi huamua kuiacha laini nyumbani, yafaa kueleza njia ya ujumbe wenyewe. Kila laini ina daftari katika mtandao wake wa nyumbani, lenye kuandika mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Ujumbe utumwapo, kituo cha ujumbe huliuliza daftari hilo, kisha huupeleka kwa mtandao wa ugenini unaomhudumia mteja. Yote hutegemea mapatano baina ya kampuni mbili, na yasipokuwako, au yakiwa na kasoro, ujumbe wa rafiki huweza kufika na wa benki usifike, kwa kuwa wa benki hupitia kwa madalali wa njia nyingine. Kwa waliopo Marekani adha iliongezeka, kwa sababu kampuni za huko zilizima mitambo ya kizazi cha tatu mwaka 2022, AT&T ikitangulia mwezi Februari, na simu au mapatano yaliyoitegemea mitambo hiyo yakakosa pa kushika. Kathalika laini isiyotiwa salio wala kutumika kwa muda mrefu huzimwa na kampuni, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea siri za mtu asiyemjua.

Kwa hiyo laini hubaki Mshangano, katika simu ya vitufe inayodumu na chaji, na mtu mmoja wa nyumbani hupewa kazi ya kuitia vocha na kuisikiliza. Kazi hiyo si ndogo. Saa kumi ya jioni ya Houston, katika majira ya baridi ya huko, ni saa saba ya usiku ya Songea. Kijana anayetaka kulipa ada ya mdogo wake kutoka akaunti yake ya nyumbani hana budi kumwamsha mama yake, amwombe radhi, angoje awashe taa na kutafuta miwani, naye mama asome tano, sita, tisa, huku muda unakwisha. Na ukiisha, waanze upya. Nami sioni haya kusema kwamba uaminifu wa akina mama hao, ambao hawakuuliza kamwe ni fedha kiasi gani zinazopita juu ya sauti zao, ni sehemu ya mfumo wa fedha wa nchi hii, ijapokuwa hakuna taarifa ya benki inayoutaja.

Lakini benki hiyo hiyo, chini ya tarakimu zake, huandika: usimpe mtu yeyote namba hii. Mama amwogope nani basi, ikiwa amefundishwa na benki asimpe mtu na ameombwa na mwanawe ampe? Humo katika tatanisho hilo ndimo matapeli wanamopita. Mlaghai hupiga simu akijifanya rafiki wa mwana aliyeko ng'ambo, au afisa wa kampuni, naye mama, aliyezoea kusoma tarakimu kwa sauti kila mwezi, husoma tena. Tarakimu zile zikiwa za WhatsApp, mlaghai huitwaa akaunti na kuanza kuwaomba fedha jamaa wote kwa jina la mwenyewe. Wataalamu wamelionya jambo hili kwa muda mrefu: taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2017 iliuweka uthibitisho wa ujumbe wa simu katika fungu la njia zinazoruhusiwa kwa masharti, kwa sababu laini yaweza kuhamishwa kwa hila na ujumbe ukanaswa njiani.

Hukumu yangu ni kwamba mabenki na ofisi za umma zimeichukua bure amana ya kaya zetu, na zinawajibika kuzipunguzia kaya hizo mzigo. Mteja aliye ughaibuni aruhusiwe kupokea uthibitisho kwa baruapepe, au kwa programu inayozaa tarakimu ndani ya simu yake bila ya kungoja mtandao, au kwa namba ya nchi anayoishi. Na balozi zetu zipewe vifaa vya kuchukua alama za vidole, ili aliyepoteza laini asilazimike kununua tiketi ya ndege kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Nawe msomaji, ikiwa wewe au mwanao mnajiandaa kusafiri, fanyeni mambo haya mkiwa bado Songea: ichukue laini yako uende nayo ikiwa kampuni ina mapatano na nchi uendayo, na ujaribu kwanza, badili uthibitisho wa akaunti zako ulio katika uwezo wako uwe wa programu au wa baruapepe, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ikiwa hapana budi kuiacha laini, iache kwa mtu mmoja tu, mkapatane neno ambalo asiposikia kutoka kinywani mwako hatasoma tarakimu hata moja, na namba ya yeyote atakayejaribu kumhadaa aitume kwa 15040.