Ndoo Mbili na Msumari wa Moto

Leo naweka misimbo kando, ingawa mkinivumilia mtaona sijaenda mbali.

Kila aliyesomea tarakilishi amekutana na jina Homebrew Computer Club. Lilikuwa kundi la watu takriban 30 waliokutana tarehe 5 Machi 1975 katika gereji ya Gordon French, mjini Menlo Park, California, kuonyeshana tarakilishi za kujiundia wenyewe. Steve Wozniak alikuwapo, na mwaka uliofuata Apple I ikatokea. Mhadhiri wetu alilitaja jina hilo darasani akapita. Mimi nikabaki nyuma na swali moja: hiyo "homebrew" ni nini hasa? Nikaambiwa ni pombe ya kujipikia nyumbani. Basi nikachimba, na nilichokipata hakuna aliyewahi kuniambia: siku ile ya Machi, kujipikia bia nyumbani kulikuwa kinyume cha sheria ya Marekani. Wale jamaa walijipa jina la kosa!

Hadithi yenyewe iko hivi. Marekani ilipiga pombe marufuku mwaka 1920. Ilipoifungulia tena mwaka 1933, kanuni ziliruhusu mtu kujitengenezea divai nyumbani kwake. Bia haikutajwa. Sisi watengenezaji wa programu tunaijua hitilafu ya namna hii: mstari mmoja umekosekana, kila mtu anaukwepa kimyakimya, na hakuna anayejitolea kuurekebisha. Huu ulikaa miaka 45. Rais Jimmy Carter alitia sahihi marekebisho tarehe 14 Oktoba 1978, yakaanza kutumika Februari 1979: mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka, yaani kama lita 378, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Hata hivyo kila jimbo lilikuwa na sheria zake, na Alabama na Mississippi hazikukubali hadi mwaka 2013. Uingereza walitangulia. Huko tangu mwaka 1880 mtu alihitaji leseni kupika bia yake mwenyewe, na leseni hiyo iliondolewa mwaka 1963 na waziri wa fedha Reginald Maudling.

Lakini sheria ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ndiyo iliyonivuta, nayo ni ya vyombo.

Wakati wa marufuku watu hawakuacha kupika. Kampuni za bia zilizokuwa zimefungiwa biashara zilianza kuuza shira ya kimea ndani ya mikebe, eti ya kuokea mkate. Anheuser-Busch walikuwa nayo yao. Ukinunua mkebe unaukoroga na maji na sukari, unatia hamira ya mkate, unaacha kwenye mtungi siku kadhaa, kisha unajaza chupa na kuomba Mungu zisilipuke. Inalewesha. Ila tazameni kilichotokea: kazi ngumu ya kuigeuza nafaka kuwa maji matamu ilibaki kiwandani, na nyumbani ikafika shira tayari. Kwetu tungesema watu walipewa programu iliyokwisha kukompailiwa na msimbo chanzo ukafungiwa kabatini. Wazee walioujua ujuzi wa nafaka walikufa nao. Kufikia miaka ya 1970 Mmarekani wa kawaida aliyependa kujipikia bia hakuwa na kingine ila ule mkebe.

Kupika kwa nafaka tupu kunadai mambo mawili, na vyombo vyote vya kujiundia nitakavyovitaja vinahusu haya mawili.

La kwanza ni joto. Kimea ni shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa. Ndani yake mna wanga, na mna vimeng'enya vya kuukata wanga huo uwe sukari. Ukiponda kimea na kukiloweka kwenye maji moto, vimeng'enya vinaanza kazi, lakini vina maringo. Kimoja kinapenda nyuzijoto 60 hadi 65, mwenzake anapenda karibu na 70. Ukipanda kupita 75 vyote vinaharibika, na havifufuki. Kwa hiyo unatafuta katikati, 66 au 67, na unapashikilia hapo kwa saa nzima. Saa nzima! Jikoni, bila mtambo.

La pili ni kuchuja. Baada ya saa hiyo unabaki na uji mzito wa machicha, na unachotaka ni maji yake matamu, safi, bila kupoteza sukari iliyonasa ndani. Kwa lita 19 za bia, yaani galoni tano zao, utakuwa na kama kilo tano za machicha yaliyoloa. Jaribu kuyakamua hayo kwa kichujio cha chai.

Kiwandani mambo haya yalitatuliwa zamani kwa mapipa ya shaba yenye sakafu ya matundu na mvuke wa boila. Nyumbani aliyeyatatua kwa njia iliyowafikia wengi ni Charlie Papazian. Alisomea uhandisi wa nyuklia katika chuo kikuu cha Virginia, akaishia kufundisha watoto wadogo huko Boulder, Colorado, na jioni akiwafunza watu wazima kupika bia wakati bado ni kosa. Mwaka 1978 yeye na Charlie Matzen walianzisha chama cha wapikaji wa nyumbani cha Marekani, na mwaka 1984 akatoa kitabu kiitwacho The Complete Joy of Homebrewing. Humo mna chombo alichokiita Zapap, ambalo ni jina lake lenyewe lililokatwa na kusomwa kinyumenyume. Jina kubwa, kitu chenyewe ndoo mbili za plastiki! Moja unaitoboa sakafuni mamia ya matundu madogo, unaitumbukiza ndani ya mwenzake ambayo ina koki karibu na chini. Machicha yanakaa juu ya matundu, maji matamu yanashuka katikati ya ndoo mbili, unafungua koki. Basi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Huyu ni mtu wa vinu vya nyuklia, na ameleta ndoo. Lakini ukitafakari, ndoo ilikuwa chaguo la mtu anayetaka kila msomaji aweze. Mtambo wa shaba ungebaki picha ya kutazama kitabuni.

Ndoo ilitatua kuchuja, haikutatua joto, kwa kuwa plastiki nyembamba hupoa upesi. Wengine wakachukua yale makasha ya plastiki yenye kuta nene ambayo watu hubebea soda na barafu. Kinachozuia joto kuingia huzuia pia joto kutoka. Ndani yake walilaza mabomba ya shaba ya fundi wa maji, yaliyokatwa mianya kwa msumeno wa chuma, mianya ikielekea chini ili isizibwe. Baadaye wakagundua kwamba hata ule mpira uliosukwa kwa waya wa kuunganisha sinki, ukiutoa mpira wa ndani na kubaki na waya, unachuja vilevile. Wengine walikata vichwa vya mapipa ya chuma ya bia, ya karibu lita 58, wakapata sufuria kubwa za bure. Ukitembea Gikomba unaona akili hiyohiyo: hakuna kitu kilichokufa, kipo kinachosubiri kazi nyingine. Tofauti ni kwamba Gikomba hakuna aliyekiandikia kitabu.

Kabla hata ya kitabu cha Papazian, mtu mmoja alijaribu kuligeuza jambo hili kuwa riziki. Jack McAuliffe alikuwa baharia wa jeshi la Marekani, fundi wa kuchomelea vyuma, na alianza kupika bia alipokuwa kambini Scotland. Mwaka 1976, mwaka uleule wa Apple I na katika eneo lilelile la ghuba ya San Francisco, alianzisha kiwanda cha New Albion mjini Sonoma. Vyombo alijichomelea mwenyewe. Mapipa yake yalikuwa ya shira ya Coca-Cola, na maji aliyaweka juu kabisa ili yashuke yenyewe, asinunue pampu. Bia ilisifiwa, watu wakasafiri kuja kuiona. Tatizo lilikuwa ukubwa: kila pishi lilitoa kama lita 170 tu, na kazi ya pishi dogo ni sawa na ya pishi kubwa. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Hapa ndipo ninapohuzunika kila mara. Tunapenda kusema kwamba anayejiundia hushinda. McAuliffe aliunda kila kitu sawasawa, na hesabu ikamshinda. Ken Grossman, kijana aliyekuwa na duka la vifaa vya wapikaji wa nyumbani mjini Chico tangu mwaka 1976, alikwenda kutembea New Albion, akaangalia, akarudi kwake kujifunza kuchomelea. Yeye aliunda mtambo wa mapipa kumi kwa pishi, zaidi ya lita 1,100, kwa vyombo chakavu vya maziwa. Akapika pishi la kwanza la Sierra Nevada mwaka 1980, na kiwanda chake kikawa kikubwa mno. Makosa ya McAuliffe ndiyo yaliyokuwa mwongozo wake.

Sasa niwaambie la kwangu. Nilitaka kuona kama ndoo inafanya kazi. Sikupika bia, nawahakikishia, nilitaka maji matamu tu. Nilinunua ndoo mbili za mafuta ya kupikia za lita 20, nikaitoboa moja kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la gesi, kazi ya jioni mbili na moshi ambao majirani hawajanisamehe. Kwanza nilipima joto kwa maji matupu. Lita 15 zilizoanza nyuzi 67, baada ya saa moja zilikuwa 59. Nikaifunga ndoo kwa blanketi mbili, ikaishia 64. Kumbe blanketi ndilo kasha la maskini. Niliandika pia kijiprogramu cha kukokotoa joto la maji ya kuanzia: ukiwa na lita mbili na nusu za maji kwa kila kilo ya kimea, na kimea kina nyuzi 25, maji yanatakiwa kuwa karibu 74 ili ukichanganya upate 67. Hesabu ilikubali.

Shayiri ya kimea sikuipata kwa kilo chache. Nikachukua kimea cha wimbi nilicholetewa kutoka Bungoma. Nikachanganya, nikafunga blanketi, nikangoja saa moja, nikafungua koki.

Tone. Tone. Kisha hakuna.

Niliongeza matundu, nikapunguza unga, nikakoroga. Ndoo ilikuwa imeziba kama bomba la mtaani. Nilipokwenda nyumbani Desemba niliibeba nimwonyeshe nyanya yangu, Kukhu, ambaye alipika busaa miaka mingi hadi siku moja katika miaka ya 1980 waliokuja kukagua leseni, ambayo hakuwa nayo, walipoimwaga yote na kuondoka na bati lake la kukaangia. Hakupika tena. Aliigeuza ndoo mkononi, akatazama matundu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ndoo nzima hivi, umeitoboa ya nini?"

Nikamweleza. Akachukua kimea kiganjani, akakipuliza. Hakuna kilichoruka. "Maganda yako wapi?" akauliza.

Nilinyamaza. Kitanda cha kuchujia katika ndoo ya Papazian si matundu hata kidogo. Ni maganda ya shayiri yenyewe, yanayolala juu ya matundu na kuacha njia za maji. Wimbi hauna ganda la namna hiyo, unageuka tope. Ndiyo maana busaa haikuchujwa hivyo kamwe. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa juu ya bati hadi wanga wake uive, kisha hutiwa maji na kimea cha wimbi, ambacho hufanya kazi yake polepole bila kuhitaji nyuzi 67 za mtu yeyote. Mwisho hukamuliwa kwa kitambaa. Ama haikamuliwi kabisa: wazee wanazunguka chungu kwa mirija mirefu yenye kichungi kidogo kilichosukwa nchani. Kila mnywaji anachuja chake. Sisi tungesema uchujaji umehamishiwa upande wa mteja, na tungejipongeza kwa kuvumbua.

Nilimwuliza Kukhu alijuaje joto wakati wa kukaanga. Akasema alisikiliza unga. Nikamwomba anionyeshe, akasema hana bati. Nikamwahidi bati, na nimekwisha kulinunua kwa fundi wa jua kali hapa mjini, futi tatu kwa nne, kingo zimekunjwa. Nitalibeba Aprili, tukaange, na nitaenda na kinasa sauti nirekodi hiyo milio ya unga. Busaa yenyewe atakayeamua ni yeye na leseni.

Ndoo iliyotobolewa aliikataa kunirudishia. Ameipandia miche ya sukuma wiki.