Printa Isiyoitika: Historia ya Uchapaji wa Mtandao Turkana

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, karatasi iliyopigwa chapa ilifika kwa mkazi wa Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ikitoka ofisini. Enzi za ukoloni wilaya ilikuwa imefungwa, na mgeni hakuingia bila kibali. Serikali ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu wake ilimpeleka Lokitaung, kisha mwaka 1959 ikamhamishia Lodwar. Vibali na amri za aina hiyo vilipigwa kwa taipureta na kunakiliwa kwa karatasi ya kaboni. Shule na misheni, kama kwingineko Kenya, zilitegemea saiklostaili: stensili hutobolewa kwa taipureta, hufungwa kwenye silinda yenye wino, kisha mpini huzungushwa. Ubovu wa mitambo hiyo ulionekana kwa macho. Stensili ilichanika, wino ulikauka, karatasi ilikunjamana, na aliyeendesha mashine alikuwa amesimama mbele yake.

Printa za kompyuta ndizo zilizoleta umbali kati ya mtu na mashine. Printa ya leza ilibuniwa na Gary Starkweather katika kampuni ya Xerox mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 Hewlett-Packard ilitoa LaserJet, iliyojengwa juu ya mtambo wa Canon, ikaweza kukaa mezani. Ilipounganishwa kwa waya na kompyuta moja, kasoro zake hazikuwa nyingi: waya, karatasi, wino, au draiva isiyolingana na printa. Lakini mashine ilikuwa ghali, na watu wengi walipolazimika kuitumia moja, ikawekwa chumba kingine.

Kisa kinachojulikana zaidi cha umbali huo kilitokea Marekani, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, karibu mwaka 1980. Printa ya Xerox ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara, na waliotuma kazi walishuka kuichukua wakakuta haijachapwa. Richard Stallman, mtayarishi programu wa maabara hiyo, alikuwa amerekebisha programu ya printa ya awali ili iwaarifu wote waliokuwa wakisubiri. Kwa printa mpya hakuweza, kwa sababu kampuni haikutoa msimbo wa programu yake. Mkasa huo ulikuwa miongoni mwa yaliyomsukuma kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983. Kwa hiyo vuguvugu zima la programu huria lina deni kidogo kwa karatasi iliyokwama.

Baadaye zikaja itifaki za kuzungumza na printa kupitia mtandao. Mwaka 1990 utaratibu wa LPD, uliokwisha kutumika katika mifumo ya Unix, uliandikwa rasmi. Mwaka 1991 Hewlett-Packard ilianza kuuza kadi za JetDirect, zilizoiwezesha printa kuwa na anwani yake yenyewe na kupokea kazi kupitia lango namba 9100. IPP ikafuata mwaka 1999, mwaka uleule programu ya CUPS, ya kusimamia uchapaji katika mifumo ya Unix, ilipotolewa. Hakuna itifaki iliyoifuta iliyotangulia. Printa nyingi zinazouzwa leo bado husikiliza zote, na ndiyo maana kompyuta moja inaweza kuorodhesha printa ileile mara tatu, mbili kati ya hizo zikiwa hazifanyi kazi.

Turkana iliingia katika historia hii ikiwa imechelewa, kisha ikaingia kwa kasi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, mashirika ya misaada yalikuja na jenereta na ofisi zao. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa kuanzia mwaka 2009 na kupunguza gharama ya intaneti nchini. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar, na mwaka uliofuata serikali za kaunti zikaanza. Halafu huduma za serikali zikahamia mtandaoni: kodi, mikopo ya wanafunzi, vyeti. Fomu haikuonekana tena kaunta, ila nakala ya karatasi bado ilidaiwa. Saiba za Lodwar zikapata kazi, na kompyuta ya mezani na printa vikaingia hata katika nyumba za walimu na makarani.

Lokori, makao makuu ya Turkana Mashariki kando ya mto Kerio, ni mfano mzuri wa mahali ambapo printa ya mtandao hujaribiwa. Umeme wake umekuwa ukitoka katika kituo cha dizeli kisichounganishwa na gridi ya taifa, na kwingine ni sola. Stima zikipotea na kurudi, ruta na printa huwaka pamoja, lakini printa inaweza kuwa tayari kabla ya ruta. Ikiomba anwani na kukosa wa kuipa, hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, ambayo kompyuta kwa kawaida haiwezi kuifikia. Au ruta, ikiamka, huigawia namba tofauti na ya jana. Kompyuta huendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani na kuandika kwamba printa iko nje ya mtandao, ingawa inawaka taa ya kijani hatua mbili kutoka hapo.

Dawa ya kasoro hii haihitaji kufungua mashine. Ukurasa wa usanidi huchapwa kutoka vitufe vya printa yenyewe, ukionyesha anwani iliyo nayo. Katika mtandao wa nyumbani, tarakimu za makundi matatu ya mwanzo kwa kawaida hulingana na za kompyuta. Amri ya ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, huonyesha kama printa inaitika. Ikiitika, shida iko kwenye kompyuta: lango la WSD, njia ya kugundua printa iliyokuja na Windows Vista, hupoteza printa mara nyingi, na lango la kawaida la TCP/IP hutulia zaidi. Mwisho, ruta huagizwa kuitengea printa anwani moja ya kudumu. Hatua hii ndiyo hurukwa, na ndiyo inayozuia tatizo kurudi.

Pale simu inapotumika kama ruta, huzuka dhana kwamba bando likiisha printa nayo imekwisha. Sivyo. Kompyuta na printa zikiwa kwenye hotspoti moja huweza kuzungumza bila intaneti, simu ikiziruhusu kuonana. Kinachokwamisha zaidi ni masafa: printa nyingi za nyumbani hupokea mawimbi ya 2.4 GHz tu, nazo simu mpya zinaweza kurusha 5 GHz.

Foleni ya kazi ina historia yake ya karaha. Mtu asiyeona karatasi hubofya tena na tena, na printa ikirudi hutoa nakala zote. Kazi moja iliyoharibika huziba zilizo nyuma yake hadi huduma ya foleni ya Windows isimamishwe, faili zifutwe, na huduma iwashwe upya. Mwaka 2021 huduma hiyohiyo ilipatikana na udhaifu wa kiusalama ulioitwa PrintNightmare, na masasisho ya kuuziba yakavuruga printa nyingi zilizoshirikiwa kupitia kompyuta nyingine.

AirPrint ya Apple, mwaka 2010, na muungano wa watengenezaji printa wa Mopria, mwaka 2013, vilipunguza haja ya draiva, hata simu ikachapa moja kwa moja. Google Cloud Print, iliyopitisha kazi kwenye intaneti, ilifungwa mwisho wa mwaka 2020, na printa zilizoitegemea zikahitaji kuunganishwa upya. Tangu Julai 2023 Starlink inauza huduma Kenya, na anayebadilisha ruta kwa ajili yake hubadilisha pia jina la mtandao, nywila na pengine mfululizo wa anwani. Printa iliyotengewa anwani ya kudumu kwenye ruta ya zamani huunganishwa upya kuanzia mwanzo.