Mikono Iliyotekwa: Historia ya Mafundi wa Uzbekistan

Mwezi Agosti 1404 ujumbe wa mfalme wa Castile, katika nchi ambayo sasa ni Uhispania, ulifika ukingoni mwa mto Amu Darya ukielekea Samarkand kuonana na mtawala Timur. Mmoja wa wajumbe hao, Ruy González de Clavijo, alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona, na pale kivukoni aliona jambo la ajabu. Aliyetaka kuvuka kuingia upande wa Samarkand alivuka bila kuulizwa. Aliyetaka kutoka alidaiwa hati inayoeleza katoka wapi na anakwenda wapi, hata kama ni mtu huru. Sababu haikuwa siri. Ng'ambo ile walijaa mafundi waliotekwa vitani, na Timur hakutaka hata mmoja wao atoroke.

Kivuko hicho hakimo katika ratiba za watalii. Ziara fupi ya urithi na kazi za mikono nchini Uzbekistan siku hizi hufuata njia inayojulikana: treni ya mwendo kasi iitwayo Afrosiyob kutoka Tashkent hadi Samarkand na Bukhara, kisha kurudi Tashkent na kuelekea mashariki, kwenye bonde la Fergana. Njiani mgeni huonyeshwa karatasi, tarizi za dhahabu, hariri na vyombo vya udongo, na huambiwa kwamba yote ni ya kale, baba kamrithisha mwana bila kukatika. Kumbe kukatika kulikuwepo, tena si mara moja. Kazi hizi zimeporwa, zimehamishwa, zimewekwa chini ya serikali, nyingine zimekufa kabisa na kufufuliwa. Anayetaka kuzielewa afuatilie jambo moja tu katika kila karakana anayoingia: mikono ya fundi huyu ilikuwa mali ya nani?

Tuanze na karatasi. Nje kidogo ya Samarkand, kando ya kijito cha Siab, kipo kijiji cha Konigil chenye karakana inayotengeneza karatasi kwa magome ya mforosadi, mti ule ule ambao majani yake hulisha viwavi wa hariri. Gome hubanduliwa, huchemshwa kwa saa nyingi, kisha hupondwa kwa michi mizito inayoinuliwa na gurudumu la maji. Rojo linalopatikana huchujwa kwenye chekeche, hukandamizwa, na karatasi ikishakauka husuguliwa kwa jiwe laini au pembe hadi ing'ae na kalamu iteleze juu yake bila wino kusambaa. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, na wageni huipiga picha kweli kweli.

Hadithi inayosimuliwa hapo ni ya vita vya Talas. Mwaka 751 jeshi la Waarabu na washirika wao lilipambana na jeshi la China karibu na mto huo, Wachina wakashindwa, na mateka wao wakaletwa Samarkand wakawafundisha wenyeji kutengeneza karatasi. Mwandishi al-Tha'alibi aliiandika hadithi hii miaka zaidi ya 200 baada ya vita, na tangu hapo imenakiliwa vitabuni kana kwamba kila mtu alikuwepo. Wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali, nami nadhani wana haki. Mwaka 1907 mwanaakiolojia Aurel Stein alifukua karibu na Dunhuang, magharibi mwa China, barua za wafanyabiashara wa Kisogdi, watu wa Samarkand ya zamani. Ziliandikwa juu ya karatasi mwanzoni mwa karne ya 4, na mojawapo ilikuwa imetumwa Samarkand kwenyewe. Watu hao walikuwa wakiishika karatasi mikononi miaka zaidi ya 400 kabla ya Talas. Halafu yupo Du Huan, Mchina aliyetekwa katika vita hivyo hivyo na kurudi kwao kwa meli mwaka 762. Katika maelezo yake aliwataja Wachina wenzake aliowakuta nchi za Waislamu: wafumaji wa hariri, wafua dhahabu na fedha, wachoraji. Mtengeneza karatasi hakumtaja.

Hata hivyo hadithi ya Talas haikudumu bure. Watu wa eneo hili waliona ni jambo la kawaida kabisa kwamba ufundi huja na mateka, kwa kuwa ndivyo walivyoishi. Mwaka 1220 Genghis Khan aliiteka Bukhara, kisha Samarkand. Mwandishi wa Kiajemi Juvayni anasema mafundi 30,000 wa Samarkand walitengwa na kugawiwa wana na jamaa za mtawala huyo. Idadi hizo za zamani zinahitaji kuchukuliwa kwa tahadhari, lakini desturi yenyewe inathibitishwa na wengi: mji ukianguka, fundi aliachwa hai kwa sababu ana thamani, akapelekwa mbali akafanye kazi kwa bwana mpya.

Miaka 150 baadaye Timur aliigeuza njia. Kila mji alioupiga aliuchambua kama mtu anayechambua mchele. Delhi ilianguka mwaka 1398, wakatoka waashi na wachonga mawe. Damascus ilianguka mwaka 1401, wakatoka wafumaji, wafua silaha na mafundi wa vioo. Kutoka Iran walikuja wajenzi na mafundi wa vigae. Clavijo anaeleza kwamba watu walioletwa walikuwa wengi mno hata mji haukuwatosha, wengine wakaishi chini ya miti na mapangoni nje ya kuta. Kwenye lango la kaburi la Timur, Gur-e Amir, ambapo leo kila ziara husimama, limeandikwa jina la fundi: Muhammad bin Mahmud, mwashi wa Isfahan. Ni moja kati ya majina machache yaliyobaki. Msikiti mkubwa wa Bibi Khanym, ulioanza kujengwa mwaka 1399 mara baada ya vita vya India, ulijengwa haraka kupita kiasi, na haukuchukua muda mrefu ukaanza kupasuka. Mgeni anapoambiwa kwamba samawati ile ni rangi ya Samarkand, ni sawa, ila walioipandisha ukutani wengi hawakuwa watu wa Samarkand wala hawakuja kwa hiari yao.

Registan yenyewe, uwanja wenye madrasa tatu unaochapishwa kwenye kila kadi, ni ya baadaye. Madrasa ya Ulugh Beg, mjukuu wa Timur aliyependa nyota kuliko vita, ilimalizika mwaka 1420. Nyingine mbili ni za karne ya 17. Vyumba ambamo wanafunzi walilala siku hizi ni maduka ya vitambaa na vyombo.

Bukhara ni jina linalofahamika pwani ya Afrika Mashariki hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona ramani ya Asia ya Kati, kwa sababu ya mwanachuoni aliyezaliwa huko mwaka 810, Imam Bukhari, ambaye mkusanyiko wake wa hadithi husomeshwa madrasa na misikitini kote Uswahilini. Ibn Battuta, yule aliyeisifu Kilwa alipoitembelea mwaka 1331, alipita Bukhara miaka michache baadaye na akaukuta mji ambao misikiti, shule na masoko yake, isipokuwa machache, bado ni magofu. Zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita tangu Wamongolia wa Genghis Khan wauteke. Masoko yenye paa za kuba anayopita mgeni leo, la wafua dhahabu, la wauza kofia na la wabadilisha fedha, yalijengwa karne ya 16.

Kazi iliyoipa Bukhara sifa ni tarizi ya nyuzi za dhahabu juu ya mahameli. Katika enzi za maamiri wa Bukhara ilikuwa kazi ya wanaume peke yao, na ilisemwa kwamba dhahabu hufifia ikishikwa na mwanamke. Karakana zilifanya kazi kwa ajili ya ikulu. Joho lilikuwa namna ya kutawala: amiri alimvisha mtu joho kumpa cheo, kumtuliza au kumlipa, na kila aliyeliona alijua daraja la aliyelivaa. Mwaka 1911 mpiga picha Mrusi Prokudin-Gorsky alimpiga Amiri Alim Khan picha ya rangi, akiwa ameketi katika joho la buluu iliyokoza lenye maua, mshipi wa dhahabu kiunoni na upanga mkononi. Miaka tisa baadaye jeshi la Wabolsheviki lililipiga jiji kwa mizinga na ndege, Alim Khan akakimbia na hatimaye akaishi Kabul hadi kufa kwake mwaka 1944. Watarizi wake wakabaki bila mteja.

Hapo ndipo kazi ilipobadili mikono. Serikali ya Kisovieti iliwaingiza mafundi katika ushirika, kisha katika viwanda. Mwaka 1927 ilianza kampeni ya kuwavua wanawake ushungi mzito uliofunika uso na mwili, kampeni iliyoambatana na vurugu na mauaji ya wanawake wengi walioutupa, na kuwapeleka wanawake kazini ilikuwa sehemu ya mpango ule ule. Sindano ya dhahabu ikawa ya mwanamke, na mpaka leo ni yake. Anayeketi kwenye fremu ya tarizi mbele ya watalii, akidarizi kwa nakshi ambazo kale zilikuwa za ikulu, anafanya kazi ambayo bibi wa bibi yake asingeruhusiwa kuigusa.

Bonde la Fergana lilikuwa mbali hadi mwaka 2016, lilipofunguliwa handaki la reli la Kamchik, lenye urefu wa kilomita 19, kupitia milimani. Kama muda wa msafiri ni mfupi, ningemshauri apunguze Samarkand aongeze hapa. Mji wa Margilan huishi kwa hariri. Kila majira ya kuchipua familia za vijijini hupewa mayai ya nondo wa hariri, na kwa mwezi mmoja nyumba nzima huwatumikia viwavi: majani ya mforosadi hukatwa usiku na mchana, vyumba huachiwa viwavi, watu hulala panapobaki. Kifuko kimoja kilichochemshwa hutoa uzi unaoweza kufika kilomita moja. Wakati wa Wasovieti kila shamba la pamoja lilipangiwa kiasi cha vifuko vya kuiuzia serikali kwa bei ya serikali, na baada ya uhuru wa mwaka 1991 utaratibu huo wa kulazimishwa uliendelea kwa miaka mingi.

Ufundi wa Margilan uko katika kupaka rangi kabla ya kufuma. Nyuzi za mtande, zile za urefu, hunyooshwa kwenye fremu, mchoraji akazitia alama kwa makaa, kisha fungu kwa fungu zikafungwa kwa kamba mahali pasipotakiwa kuingia rangi. Huchovywa, hufunguliwa, hufungwa upya, huchovywa tena: njano kwanza, nyekundu baadaye, nili mwisho. Zinapopandishwa kwenye kitanda cha kufumia nyuzi husogea kidogo tu, na ndiyo maana kingo za nakshi hutawanyika kama wingu linalochanika. Komamanga, lozi, kichana, pembe za kondoo, nge, vyote humo vinaonekana kama vimelowa maji. Kitambaa cha hariri tupu huitwa atlas, na chenye mshindio wa pamba huitwa adras. Katika karne ya 19 kazi iligawanywa kwa jamii: nili ilikuwa ya Wayahudi wa Bukhara, ambao mikono yao ilitambulika kwa ubuluu, na rangi za moto, njano na nyekundu, zilikuwa za Watajiki. Kitambaa kimoja kilipita nyumba nyingi kabla ya kufika sokoni, na majoho mengi yalitiwa bitana ya pamba ya Urusi yenye maua, kwa maana Warusi walikuwa wameshaingia sokoni hata kabla ya kuingia na bunduki, wakaiteka Tashkent mwaka 1865 na kuifuta dola ya Kokand, iliyotawala bonde hili, mwaka 1876. Rangi za viwandani zilifuata, rahisi na kali, zikazisukuma kando rangi za mimea.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na viwanda vya Kisovieti, vilivyofuma atlas kwa mashine. Nakshi zilibaki, tena zikawa vazi la taifa kwenye mabango na jukwaani, lakini fundi aliyefuma nyumbani na kuuza sokoni aliweza kushtakiwa kama mlanguzi. Mahameli ya aina hii, ngumu kuliko zote kwa kuwa mtande wa nakshi hupotea mwingi katika nyuzi zilizosimama, ilipotea kabisa, na mafundi wa Margilan walilazimika kujifunza upya kwa kuchunguza vipande vya zamani. Mwaka 2017 UNESCO ilikiingiza kituo cha ufundi cha Margilan katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi.

Safari ya gari isiyo ndefu kutoka hapo iko Rishtan, mji wa wafinyanzi, ambako sahani za samawati na buluu hupata mng'ao wake kutokana na majivu ya mimea ya nyikani yaliyochanganywa na mchanga wa kwatsi. Mng'ao huo nao uliachwa kiwandani kwa ajili ya rangi za kununua, ukarudishwa na wazee wachache waliokuwa bado wanajua mmea upi uchomwe na kwa kiasi gani.

Bwana wa sasa wa mikono hii ni mnunuzi, na mnunuzi anadanganyika. Masoko ya Uzbekistan yamejaa vitambaa vilivyochapishwa nakshi za atlas kwa mashine, vipana na vya bei ya chini. Vya kweli ni vyembamba, karibu sentimita 40, kwa sababu kitanda cha mkono hakipiti hapo, kwa hiyo joho lake lina maungio mengi. Kigeuze: nakshi ya adras iko pande zote mbili kwa nguvu ile ile, maana rangi iliingia uzini kabla ya kitambaa kuwepo, wakati kilichochapishwa nyuma yake ni hafifu. Karakana nzuri huwa na mtu anayefunga nyuzi hapo hapo, na kazi ya kufunga mtande wa vitambaa vichache huweza kumchukua siku kadhaa. Muulize bei ya mita moja baada ya kumtazama akifunga.