Dishi limepoteza mawimbi: tazama vipimo viwili kabla ya kuligusa

Antena ya zamani ikilegea, televisheni ilionyesha chenga lakini mpira uliendelea kuuona. Dishi haliko hivyo. Mawimbi ya dijitali yakipungua kidogo, picha inabaki safi. Yakishuka chini ya kiwango fulani, picha inakatika vipande, inaganda, kisha inapotea kabisa. Hapo wengi hupanda juu na kuanza kuzungusha dishi. Mara nyingi dishi halikuwa na kosa, na baada ya kuzungushwa limepoteza hata uelekeo wake.

Kwanza soma ujumbe ulio kwenye skrini. Kwa wateja wa DStv, namba inayoanza na E16 inahusu malipo au kifurushi, na E48-32 ndiyo ya mawimbi. Kama tatizo ni malipo, spana haitasaidia.

Kisha chukua rimoti, fungua menyu ya king'amuzi na utafute sehemu ya mawimbi. Utakuta mistari miwili. Mmoja ni wa nguvu ya mawimbi, na kama menyu ni ya Kiingereza umeandikwa Strength. Wa pili ni wa ubora, umeandikwa Quality. Mistari hii ndiyo itakayokuambia uanzie wapi.

Ikiwa yote miwili iko sifuri, kwa kawaida tatizo liko kwenye njia ya waya. King'amuzi hupeleka umeme mdogo, volti 13 au 18, hadi kwenye kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB. Waya ukikatika, ukiliwa na panya au kuingia maji, kichwa hakifanyi kazi. Zima king'amuzi na uchomoe umeme kabla ya kufungua chochote. Fungua koneta pande zote mbili. Shaba ya katikati iwe inang'aa. Ikiwa ya kijani au nyeusi, kata sentimita chache na uifunge upya. Uzi wa waya wa nje usiiguse hiyo shaba. Koneta ya nje izungushie utepe wa mpira, na waya ushuke kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondoke nje.

Chaneli zikionekana baadhi tu, fikiria zile volti mbili. Ya 13 huita kundi moja la mawimbi, ya 18 kundi jingine. Kundi zima likipotea, shuku kichwa, waya au king'amuzi kabla ya kushuku dishi.

Nguvu ikiwepo lakini ubora ni sifuri au unacheza, kichwa ni kizima ila hakioni setilaiti vizuri. Kama mvua kubwa inanyesha, subiri. Inaweza hata kuwa inanyesha kijiji jirani na kwako ni kukavu, kwa sababu mawimbi hupita angani kwa mshazari. Mwezi wa Machi na Septemba, jua likipita nyuma ya setilaiti, picha hukatika dakika chache mchana au alasiri kwa siku kadhaa, kisha hurudi yenyewe.

Kama ubora umekuwa ukishuka polepole miezi kadhaa, tazama miti. Setilaiti iko juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo ukiwa Dodoma dishi lake hutazama magharibi, juu kiasi cha nyuzi 56. Ya DStv iko nyuzi 36, karibu utosini. Ndiyo maana usiige dishi la jirani wa kampuni nyingine. Jua pia kwamba dishi hutazama juu zaidi ya linavyoonekana kuinama, hivyo mwembe unaodhani uko juu ya njia huenda ndio unaoziba. Kagua pia kifuniko cha kichwa: nyigu hupenda kujenga hapo, na plastiki iliyopasuka kwa jua huingiza maji.

Ubora ukipotea baada ya upepo, mtu mmoja atikise nguzo taratibu, mwingine atazame kipimo. Kikicheza, kaza nati za chini kwanza. Ukilazimika kusogeza dishi, weka alama ya mkaa mahali lilipokuwa. Kwa dishi la sentimita 90, upana wa kidole pembeni unatosha kukosa setilaiti. Sogeza kidogo, subiri sekunde chache kipimo kijibu, ndipo usogeze tena.

Usipande bati lililoloa, wala karibu na nyaya za umeme. Radi ikianza, chomoa umeme na waya wa dishi.

Ukimpigia fundi, mtajie namba za vipimo vyote viwili, chaneli zilizopotea, na kama tatizo lilianza ghafla au taratibu. Kwa maelezo hayo atajua kama aje na kichwa kipya, waya au spana tu, na hatakulipisha nauli ya safari ya pili.