Sindano ya Mgonjwa wa Figo

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida huenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Kila mara huchomwa sindano mbili nene, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Piga hesabu: kwa mwaka ni sindano 312. Ajabu ni kwamba palikuwa na wakati ambapo mgonjwa huyo hakuhitaji kuchomwa.

Mashine hiyo ilitumiwa kwa wagonjwa mwaka 1943 na Willem Kolff, daktari Mholanzi, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Shida ikawa mishipa. Kila safari ilitobolewa upya, hata ikaisha. Ndipo mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, Belding Scribner alipomwekea Clyde Shields mirija ya Teflon mkononi, ikabaki humo. Kazi ikawa kuunganisha mirija na mashine, basi. Shields, aliyekuwa akikingoja kifo, aliishi miaka 11 zaidi. Lakini mirija ya namna ile ilikuwa ikiziba kwa damu iliyoganda, ikileta vijidudu, na ikichomoka, damu humwagika.

Mwaka 1966 Brescia, Cimino na wenzao wa New York wakatangaza njia nyingine: kuunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono. Vena hutanuka, ukuta wake hukaza, nayo hufaa kuchomwa kwa miaka mingi. Usalama ulipatikana, na sindano zikaja nao.

Katika miaka ya 1970 huko Poland, daktari Zbylut Twardowski alikuwa na mgonjwa mwenye nafasi ndogo mno ya kuchomwa. Ikabidi kurudia matundu yale yale. Kumbe njia ikajitengeneza, kama tundu la herini sikioni, na maumivu yakapungua! Ila njia hii inataka mikono safi mno, maana kigaga kisipoondolewa vizuri huingiza vijidudu kwenye damu.

Na dawa ya ganzi je? Lidokeini ilitengenezwa Sweden mwaka ule ule wa 1943. Krimu yake iliyochanganywa na prilokeini ilianza kutumika miaka ya 1980. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao bado huambiwa wavumilie tu, nami sioni sababu. Krimu hiyo hupakwa kama saa moja kabla ya sindano, na mgonjwa aliyeelekezwa na daktari wake aweza kujipaka nyumbani kabla ya kupanda basi.